Ogopa Jicho Lisilouma

Katika kliniki yoyote ya macho, wagonjwa wanaowahi ni wale ambao macho yanawauma. Jicho likiwasha, likijaa tongotongo au likiwa jekundu, mtu hangoji. Kesho yake yuko kwenye benchi, na wengi wa namna hiyo hupona kabisa. Wanaochelewa ni wale ambao macho yao hayajawahi kuwasumbua. Mtu anakaa miaka mitano, hata kumi, uoni unapungua kidogo kidogo, naye hana maumivu, hana wekundu, hana machozi. Siku anapokuja, mara nyingi ameshikwa mkono na mjukuu.

Hilo ndilo ningependa kila msomaji alijue kabla ya jambo lingine lolote: magonjwa yanayoongoza kwa kupofusha watu wazima hayaumi. Mtoto wa jicho haumi. Presha ya macho, kwa ile aina inayowapata watu wetu wengi, haiumi. Kisukari kinaweza kuharibu mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho kwa miaka bila mgonjwa kuhisi chochote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, iliyotolewa mwaka 2019, ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au lilikuwa bado linasubiri tiba. Wengi wa hao bilioni 1 hawahitaji muujiza. Wanahitaji miwani, au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Nianze na mtoto wa jicho, kwa kuwa habari zake ni njema. Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu inayokusanya mwanga. Umri ukisogea, lenzi hiyo huingia ukungu. Mgonjwa huanza kulalamika kwamba taa za magari usiku zinamtawanyikia machoni, rangi zimefifia, na miwani aliyobadilisha juzi tu haimfai tena. Uzee ndio sababu kubwa, lakini kisukari, sigara, jua kali la miaka mingi, kuumia jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huharakisha mambo. Hakuna matone, mizizi wala vidonge vinavyoondoa ukungu huo. Tiba ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia mahali pake. Mgonjwa ambaye ni mtu mzima hupigwa ganzi ya jicho tu, anabaki macho akisikia mazungumzo ya waliomzunguka, na kama hakuna matatizo mengine kazi yote haifiki nusu saa.

Lenzi hiyo ya bandia imetokana na jicho la daktari aliyekuwa makini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mwingereza Harold Ridley aliwahudumia marubani wa kivita ambao vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege zao vilikuwa vimewaingia machoni. Aliona kwamba macho yao yalivivumilia vipande hivyo bila kuvimba wala kuoza. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka ndani ya jicho la mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo bibi wa kijijini akifanyiwa upasuaji Moshi au Kikuyu, anawekewa lenzi iliyotokana na kazi ile.

Kinachonisikitisha ni watu kuendelea kungoja mpaka mtoto wa jicho aive. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa upasuaji wa zamani. Kwa upasuaji wa sasa hauna. Ukungu ukishakuzuia kufanya kazi zako, muda umefika. Lenzi iliyoachwa ikakomaa kupita kiasi huwa ngumu, upasuaji wake huwa mzito zaidi, na inaweza hata kuvimba ikapandisha presha ndani ya jicho. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha pia kwamba wanawake hawafiki kwenye upasuaji huu kwa kiwango sawa na wanaume, ingawa ugonjwa haubagui. Bibi huambiwa kwamba huo ni uzee tu, naye hukubali, nauli ikaenda kwenye ada ya mjukuu. Si uzee tu. Mpelekeni.

Presha ya macho ni jambo zito zaidi, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yakishindwa kutoka inavyotakiwa, shinikizo hupanda, na neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, yenye nyuzi zipatazo milioni 1, huanza kufa taratibu. Nyuzi zilizokufa hazirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Tiba yote tuliyo nayo inalinda zile zilizobaki.

Uoni unaotangulia kuondoka ni wa pembeni. Mtu bado anasoma gazeti, anatambua sura za watu, anaendesha gari. Ila bodaboda akitokea upande mmoja hamwoni mpaka amefika mbele yake. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango, anajikwaa kwenye ngazi aliyoizoea, na nyumbani wanasema siku hizi baba amekuwa hatulii. Tena jicho moja likiharibika, la pili humfunika mwenzake vizuri kiasi kwamba mwenyewe hajui.

Mara nyingi huwa hivi. Mzee ameingia mwenyewe bila msaada, amekuja kutafuta miwani ya kusomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Namwomba azibe jicho la kulia kwa kiganja na anitazame usoni. Nanyoosha mkono wangu pembeni na kuchezesha vidole. Je, anaviona? Bado. Nausogeza mkono kuelekea katikati. Bado. Vidole vinakaribia kufika usawa wa pua yangu ndipo anaposema, "Sasa naviona." Kisha anatoa kiganja, anaziba jicho la pili, analifungua, anaziba tena lile la kwanza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Anayalinganisha mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, na sura yake inabadilika. Jicho la kushoto limepoteza karibu kila kitu cha pembeni, na hajui tangu lini, kwa sababu hajawahi kulitumia peke yake.

Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na ugonjwa huu. Watu wenye asili ya Afrika huupata mapema kuliko wengine, na huwaharibu kwa kasi zaidi. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko kwenye hatari kubwa mara kadhaa kuliko asiye na historia hiyo. Tena wapo wanaodhani kwamba wakimeza dawa za presha ya damu wamemaliza na macho. Hapana. Ni magonjwa mawili tofauti. Kipimo cha mkono hakisemi lolote kuhusu jicho, na mtu anaweza kuwa na mmoja bila mwingine. Shinikizo la jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini wapo ambao neva zao huharibika wakiwa ndani ya kiwango hichohicho. Kwa hiyo ukipimwa namba peke yake hujapimwa kikamilifu. Daktari lazima aitazame neva yenyewe na apime upana wa uoni wako.

Tiba ya kawaida ni matone ya kila siku, kwa maisha yote. Wengi huyaacha, nami naelewa sababu. Chupa ina bei, inawasha, na mgonjwa haoni vizuri zaidi kuliko jana. Lakini dawa hii haikuahidi kuongeza uoni. Ikiwa baada ya miaka miwili hali yako iko vilevile, imefanya kazi yake yote. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya matone haya, hasa timololi, yanaweza kubana kifua mpaka mtu akashindwa kupumua.

Na kwa kuwa watu hupewa matone bila kuonyeshwa namna ya kuyatumia, nieleze hapa. Nawa mikono. Inua uso, vuta ukope wa chini taratibu uachie nafasi, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Moja linatosha, la pili halina pa kukaa, litamwagika shavuni na pesa yako pamoja nalo. Fumba jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo machozi yanapopita kwenda puani na kooni, na ndiyo maana wengine huonja uchungu wa dawa. Ukibonyeza, dawa hubaki jichoni inakohitajika na haisambai mwilini. Kama una dawa mbili, zipishane kwa dakika 5. Chupa nyingi zikishafunguliwa zinafaa kwa wiki 4 tu.

Sasa nije kwa jicho jekundu, maana nalo lina mtego wake. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine, na Mombasa pia. Kisababishi cha milipuko kama ile ni virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki. Kwa wagonjwa wengi huisha vyenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Kinachosaidia ni kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho, kunawa mikono kwa sabuni, kutochangia taulo wala mto, na kukaa nyumbani siku za mwanzo. Lakini watu waliweka kila kitu machoni: chai ya rangi, maji ya chumvi, maziwa ya mama, mkojo. Mkojo ndio unaonitia hofu kuliko vyote, kwa kuwa unaweza kubeba vimelea vya kisonono, na kisonono kikiingia jichoni kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku moja au mbili. Mtu aliyekuwa na ugonjwa wa wiki mbili akaondoka na upofu.

Kuna jambo la duka la dawa ambalo naliona kila mara. Mama amekuja na mtoto wa miaka minane, macho yanawasha tangu akiwa mdogo, weupe umekuwa na rangi ya udongo, na mtoto anayasugua kwa ngumi hata akiwa anaongea na mimi. Huo ni mzio, na katika nchi zetu za joto na vumbi unawapata watoto wengi. Mama anatoa kwenye mkoba kichupa kidogo. "Hii inamsaidia sana, daktari, nikiweka tu kesho yake macho meupe." Ninageuza kichupa kutafuta maandishi madogo ubavuni, na mara nyingi nakuta neno deksamethasoni. Ni steroidi. Kweli hutuliza haraka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mwasho ukirudi kichupa kinanunuliwa tena. Miezi ikipita, steroidi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Nimewaona watoto waliopofuka kwa dawa, si kwa ugonjwa. Steroidi ina nafasi yake mikononi mwa daktari anayepima presha ya jicho kila mara. Kwa mwasho wa mzio zipo dawa salama zaidi za kutumia muda mrefu, na maji baridi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Wenzangu mnaouza dawa, nawaomba: msimpe mtu matone ya steroidi kwa sababu ameomba kile cha mara iliyopita.

Lini basi jicho jekundu si la kungoja? Likiuma kwelikweli, si kuwasha. Uoni ukipungua. Mwanga ukichoma. Ukiona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Kama umechomwa na jani la mahindi au kijiti shambani, kwa sababu fangasi huingia na jeraha la namna hiyo na huhitaji dawa tofauti kabisa. Na mtoto mchanga anayetoa usaha machoni katika mwezi wa kwanza, huyo apelekwe leo hii. Chokea, kile kijipu cha kwenye ukope, chenyewe hakina haja ya hofu: kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, na usikiminye.

Watoto wana hesabu yao ya muda. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya kwanza, na jicho lisilotumika kipindi hicho, kwa makengeza au kwa kuhitaji miwani, huachwa nyuma. Likigunduliwa kabla ya miaka 7 au 8 tuna nafasi nzuri ya kuliokoa; baadaye nafasi hupungua sana. Kwa hiyo usiambiwe kwamba makengeza yatanyooka akikua. Kuna ishara moja ambayo simu ya mzazi inaweza kuionyesha. Ukimpiga mtoto picha kwa mwanga wa kamera na mboni moja ikatoka nyeupe badala ya nyekundu au nyeusi, na ikajirudia, usikae nayo hata wiki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo hujitokeza zaidi kabla ya miaka 5. Ikiwahiwa hutibika, na inapochelewa haichukui jicho tu, inachukua uhai. Wazazi niliowaona walioleta watoto mapema, wengi waliiona wao wenyewe, tena kwenye picha.

Chanjo ya surua ni kinga ya macho pia, kwani surua kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A ilikuwa ikipofusha watoto wengi sana Afrika. Matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 msiyakose. Kila siku nyumbani, mchicha, matembele, kisamvu, maboga, viazi lishe, papai, embe, maini na mawese mekundu vinatosha. Hakuna haja ya kununua kitu cha ajabu. Na kwenye maeneo yenye ugonjwa wa vikope, kunawisha uso wa mtoto ili nzi wasitue kwenye tongotongo ni sehemu ya tiba yenyewe. Malawi ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeutokomeza ugonjwa wa vikope kama tatizo la afya ya jamii, kwa dawa, upasuaji wa kope, maji na vyoo.

Kwa mwenye kisukari maelezo ni mafupi: pimwa macho kila mwaka, hata kama unaona vizuri, kuanzia pale ulipoambiwa una kisukari cha ukubwani. Leza na sindano za ndani ya jicho hufanya kazi nzuri kabla ya uoni kuondoka, na kazi ndogo baada ya hapo.

Kuhusu simu ninaulizwa kila siku. Mwanga wake hauchomi macho. Kinachochosha ni kukazia macho kwa muda mrefu bila kupepesa, yakakauka. Kila dakika 20 tazama mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Miwani inayouzwa ghali ya kuzuia mwanga wa buluu haijaonyesha faida kwa uchovu wa macho. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023 yalifikia hapo. Kwa mtoto, la muhimu zaidi ni kucheza nje mchana, kwani hilo hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali.

Pesa ya miwani hiyo ya kuzuia mwanga wa buluu afadhali itumike kwenye miwani ya kusomea. Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu huanza kusogeza simu mbali ili aisome. Anayechambua mchele anaacha mawe, fundi cherehani anamwita mtoto amtungie uzi, mshona kofia wa Unguja anaacha kazi akiwa bado na nguvu. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea waliongeza kipato kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi 8. Miwani haidhoofishi macho. Tatizo hili husonga na umri, uvae usivae. Pimwa kwanza, kwa sababu ziara hiyo ya miwani ndiyo inayotupa nafasi ya kugundua presha ya macho.

Neno la ajali liwe fupi. Chokaa, saruji, tindikali, maji ya betri, hata sumu ya swila anayetema: osha jicho papo hapo kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 30, kabla ya kutafuta usafiri. Fundi wa kuchomelea na wa kusaga vyuma avae miwani ya kazi kila mara, si bosi akiwepo tu.

Leo, ukimaliza kusoma, ziba jicho moja utazame kalenda ya ukutani, kisha ziba la pili. Kama hayalingani, au kama umefikisha miaka 40 na hujawahi kuchunguzwa neva ya jicho, nenda hospitali yenye kitengo cha macho, na kama kuna presha ya macho kwenye ukoo, nendeni ndugu wote. Beba chupa zote za matone unazotumia, hata zile za dukani. Usiendeshe gari siku hiyo na uongozane na mtu, kwa sababu utawekewa dawa ya kupanua mboni na uoni utakuwa na ukungu kwa saa kadhaa.